Fibro kumi na mbili juu ya jiko la mama mkwe

Vijana wa ujenzi, mmeniomba niwaeleze jinsi ya kubomoa jengo la zamani bila kujiua. Mngeniuliza habari za kujenga ningewatuma kwa watu wengine, maana wajenzi ni wengi na kila mmoja ana simu mbili. Mimi kazi yangu ilikuwa kubomoa. Nimebomoa Butembo, nimebomoa Beni, nimebomoa hadi karibu na uwanja wa ndege wa Mavivi, na vidole vyangu kumi bado ninavyo, ingawa kimoja hakikunji. Basi kaeni vizuri, na yule anayejua kila kitu kwa sababu amemaliza mwaka wa pili atoke kwanza nje apunge upepo.

Jina langu ni Kakule. Nilistaafu nikiwa kapita, yaani msimamizi wa wabomoaji, kwenye shantie, eneo la ujenzi, ya chuo kikuu kimoja pale Butembo. Chuo kilikuwa kimepewa majengo ya zamani kilimani, yale ya enzi za wakoloni, kikaamua kuyaangusha ili kijenge madarasa ya ghorofa. Yalikuwa majengo ya kutamanisha. Kuta nene, madirisha marefu, rangi ya kijani inayobanduka, na juu fibro. Ninyi mmezoea manjanja, yaani mabati, mvua ikinyesha mwalimu anaacha kufundisha. Fibro ni kitu kingine: ni paa la saruji la kijivu, lenye mawimbi, zito, halijui kutu, na chini yake mvua unaisikia kwa mbali tu. Mji mzima uliitamani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mbusa, mtu wa Lubero, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kanisa. Yeye alikuwa kapita kabla yangu. Namna yake ya kushusha fibro ilikuwa nyepesi: unapanda juu, unapiga nyundo kwenye msumari, fibro ikivunjika unaitupa chini, isipovunjika unaitupa chini vilevile. Vumbi jeupe lilipanda mpaka tukaonekana wote tumezeeka siku hiyohiyo. Saa sita Mzee Mbusa alipiga filimbi na kugawa dawa, yaani maziwa. Kila mtu kikombe kimoja, na ukikataa unarudishwa nyumbani.

"Maziwa inashika vumbi, inaitelemusha mu tumbo," alituambia. "Mapafu inabakia safi."

"Na mutu akikohoa, Muzee?"

"Ule alikunywa maziwa ya maji."

Tulimwamini kabisa. Mimi ndiye nilikuwa natumwa kununua hayo maziwa, na mwenye ng'ombe nilikuwa namtisha kwamba akitia maji anaua watu. Vijana, sikilizeni: maziwa yanaenda tumboni na vumbi linaenda mapafuni, na njia zake hazikutani popote. Lakini mpaka leo hapa mjini nakutana na wapaka rangi wenye chupa ya maziwa mfukoni, na wananitazama kwa huruma ninapowaambia.

Mzee Mbusa alirudi kwao akiwa hawezi kupanda ngazi ya kanisa bila kupumzika mara mbili, na huko ndiko alikofia. Sitasema ni fibro iliyomuua, sikusomea udaktari. Nasema tu kwamba nilimpenda, na kwamba mimi ndiye nilikuwa namletea yale maziwa, na jambo hilo linaniuma.

Nikirudi kwenye kazi: kuna mafuta meusi ya transfo za zamani, zile transfoma za umeme. Tulikuta transfo moja nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu wa zamani, na kabla sijamaliza kuandika kwenye daftari langu kwamba tumeikuta, mama mmoja alikuwa amefika na bidoni, dumu la plastiki. Alitaka ya kukaangia mikate. Alisema mafuta yale hayatoi moshi. Nilimjibu kwamba nimekwisha kuyaahidi kwa mtu mwingine wa kupaka mbwa wenye upele, na aliposikia habari za mbwa akakosa hamu. Ukitaka kumzuia mtu wa Butembo asichukue kitu, usimwambie kina sumu, atadhani unataka kukificha uuze mwenyewe. Mwambie kimetumika kwa mbwa.

Hili la kuchukua lazima niwaeleze, maana ndilo lililoniponza. Kwetu jengo likianguka hakuna takataka. Milango ina mwenyewe, mbao zina mwenyewe, misumari iliyopinda inanyooshwa, hata vipande vya matofali vinabebwa. Na kwenye shantie kila cheo kina fungu lake la masalio. Paa ni fungu la kapita. Jengo la kwanza lilipokwisha, Mzee Mbusa alikuwa tayari anafunga mizigo ya kurudi kwao, akaniambia, "Kakule, umetumika kama mwanaume. Chagua fibro zako mbele ya wengine." Nilichagua kumi na mbili, nzima kabisa, bila ufa. Nilizipiga piga kwa kidole moja moja kama mtu anayenunua chungu.

Nilizipeleka kwa mama mkwe wangu.

Mama Kahindo, mama wa mke wangu Masika, anakaa Mutwanga, chini ya mlima, ana kakao na nguruwe. Nilimwoa Masika na mahari yangu ikiwa na nongwa kidogo, wazee wake hawakuisahau, na kila sikukuu walikuwa wananisalimia kwa kikohozi cha kusafisha koo. Nikaona fibro zitawanyamazisha. Pikapu iliyozibeba ilipita barabara nzima polepole, mimi nimesimama nyuma nikizishika, na Mutwanga walitoka kutazama. Nilizipiga mwenyewe juu ya jiko lake, yeye akiwa amekwenda shambani, maana kwetu mkwe hapandi juu ya kichwa cha mama mkwe. Aliporudi alisimama uani, akaimba, na majirani wakaimba. Wazee wakaacha kukohoa. Nilijiona mimi ndiye mkwe wa wakwe wote.

Miaka miwili baadaye chuo kikaanza jengo la pili, na sasa kapita ni mimi. Wafadhili wa chuo walisema hakuna kugusa paa mpaka afike injeniere wa usalama. Akafika. Ni dada mmoja wa Bukavu anaitwa Sifa, mwembamba, miwani mikubwa, viatu vya jeshi. Alitukusanya, akaokota kipande cha fibro chini, akatuonyesha pale kilipovunjika.

"Papa Kakule, unaona hizi nywele?"

Niliziona. Nywele nyeupe fupi. Nilikuwa nimeziona miaka yote na kudhani ni za kufanya saruji ishikane, na kweli ndiyo kazi yake.

"Hii inaitwa amianti," alisema, ile ambayo wengine wanaiita asbesto. "Ikivunjika, nywele zake zinaruka, macho haizioni. Mutu anazivuta, zinaingia mu mapafu, hazitoke tena. Kikohozi inakuja kisha miaka makumi. Inaweza kuleta kansa. Na hakuna dawa ya kuzitosha, ya kuzitoa mule."

"Hata maziwa?" aliuliza mmoja.

Sifa hakucheka. Mimi pia sikucheka, kwa mara ya kwanza kwenye shantie ile. Nilikuwa nahesabu kichwani: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, na chini yake mama mkwe anapuliza moto.

Njia yake ya kazi nitawapa haraka, na muishike. Paa lolote la saruji la zamani ulichukulie kuwa lina amianti mpaka maabara iseme hapana, kwa macho huwezi kujua. Lilowanishe kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, na uendelee kulilowanisha. Usikanyage fibro yenyewe, weka mbao, maana fibro ya zamani inakatika ghafla na wewe unafika darasani bila kujiandikisha. Kichwa cha msumari kikate kwa koleo, usiking'oe kwa nyundo. Shusha kwa mikono, moja moja, kama unamshusha mgonjwa. Funga kwa plastiki nene mara mbili, andika juu yake, zika kwenye shimo refu lililotandikwa plastiki. Usifagie pakavu. Usiitie motoni, inalipuka na vipande vinaruka. Na nguo za kazi zisifike nyumbani, kwa sababu anayezikung'uta ni mke wako.

Barakoa zilitushinda kwanza. Wanaume wangu walisema zinawachekesha wapita njia. Nikamwambia Sifa aniachie siku moja. Kesho yake nilitangaza kwamba barakoa ni chache, ni za wakubwa peke yao, nikavaa yangu na kutembea nayo huku na huku nikiwa na mikono nyuma. Kabla ya saa nne walikuwa wametuma mjumbe kulalamika juu ya ubaguzi. Tangu hapo mtu akisahau barakoa stoo alikuwa anairudia mbio.

Zile kombinezoni, ovaroli nyeupe za karatasi alizotuletea Sifa, nazo zilitaka kutuletea mawe. Mji wetu haujasahau Ebola, na watu sita waliovaa nyeupe wakishusha kitu kilichofungwa plastiki, nani atangoja maelezo? Siku ya kwanza tu watu walijaa getini, mama mmoja akalia jina la mtu ambaye hakuwa amekufa. Tukavaa majezi ya mpira juu ya ule weupe. Majezi tuliyazika pamoja na kombinezoni, na kuna mashabiki wawili ambao hawajanisamehe.

Na shimo? Sifa aliweka kibao chenye fuvu la kichwa na maneno makubwa ya Kifaransa. Siku ya tatu kibao hakikuwepo, kilikuwa cha mbao nzuri. Tukamimina zege nene juu ya shimo, tukaandika mahali pake kwenye ramani ya chuo inayofungiwa bureau, ofisini kwao, tukachora mistari, na leo wanafunzi wanacheza basketi pale. Msiwaze kuchimba.

Sasa niwaambie aibu yangu. Kila asubuhi nilisimama mbele ya wafanyakazi na kuwafundisha haya yote kwa sauti ya Mzee Mbusa, na kwa mama mkwe sikusema neno. Kurudisha zawadi ya ukweni ni kama kusema ndoa imekwisha. Nilipomgusia Masika, aliweka mwiko chini.

"Utaenda kuvua jiko ya mama? Siku ile na miye ukuje na pikapu kubwa, utanibebea na sanduku yangu."

Basi nikaamua kutumia akili, kwa sababu kusema kweli kulikuwa kunanitisha. Nilikwenda Mutwanga kwa pikipiki, nikaketi mahali pangu karibu na mlango. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani machoni. Yeye anaongea akitazama kuku, mimi najibu nikitazama viatu vyangu.

"Bokilo," nilimwambia, ndivyo wakwe tunavyoitana, "nasikia État, serikali yenyewe, inataka kulipisha takse, kodi mupya, kwa batu ba paa ya fibro. Afazali tuitoshe juu mbele bafike."

"Batakuja na karatasi?"

"Ndiyo, na mihuri."

"Donc batu bote ba hapa batajua asema paa yangu njo inalipiwa takse," alisema kwa furaha, maana kwake kodi ilikuwa cheo. "Bakuje. Nitabapikia."

Mara ya pili nilimwambia fibro za aina ile zina tabia ya kuvuja. Mvua ikanyesha palepale, na mawe yake. Tulikaa jikoni, mimi nikitazama juu na kuomba tone moja tu. Halikudondoka. "Fundi aliyepiga hii paa anajua kazi," alisema akimtazama kuku. "Anaitwa Kakule. Unamujua?"

Mara ya tatu nilileta manjanja mapya ya buluu, nikasema ni zawadi, tubadilishe. Alishukuru sana kwa Kinande na kwa Kiswahili. Niliporudi baada ya wiki tatu manjanja ya buluu yalikuwa juu ya nguruwe. Nguruwe wale wakawa wanapumua vizuri kuliko mama mkwe wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimelipia.

Sitaki mcheke sana hapa. Ilikuwa safari hiyohiyo ya nguruwe. Nilimkuta Mama Kahindo uani, ameketi juu ya kibao, mbele yake jiwe, na juu ya jiwe kipande cha fibro, kile nilichokata pembeni siku ile nikipiga paa. Alikuwa anakisaga. Unga wake alikuwa anautia kwenye kopo. Sufuria zake zilikuwa zimepangwa juani, zinang'aa mpaka zinaumiza macho.

"Inatosha masizi kuliko majivu," aliniambia bila kuinua kichwa. "Majirani bote banakuja kuomba. Nimeisha gawa makopo mane."

Aliinua jiwe tena. Niliona vumbi likipita mbele ya uso wake kwenye jua, na sikumbuki nilivyofika pale. Nilipiga kelele "Hapana!" na nikamshika mkono. Mkono wa mama mkwe! Shemeji yangu aliyekuwa anaanika kakao aliacha reki ikaanguka. Kwetu jambo kama lile linaitiwa wazee.

Sikumwachia. Nilimwambia yote nikiwa nimeushika mkono ule: nywele, mapafu, miaka makumi, Mzee Mbusa na maziwa yake. Nilipomaliza akauliza:

"Ulijua tangu lini?"

"Miezi munane."

"Batumishi bako ulibaambia siku gani?"

"Siku ya kwanza, bokilo."

Ndipo akainua uso na kunitazama machoni. Miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi. "Na miye?" alisema.

Niliogopa kupoteza heshima, nikaacha mapafu yake yalipe. Huo ndio ukweli na naona haya kuusema, lakini afadhali mnicheke kuliko mnifuate.

Mama mkwe alipomaliza na Kakule mwongo akamgeukia Kakule fundi. "Paa ulipandisha weye, utashusha weye," alisema, na wazee waliponung'unika kwamba nitapanda juu ya kichwa chake mchana na watu wakiona, aliwaambia mbuzi wa faini watakula kesho. Nilimpigia Sifa simu, akatuma plastiki na barakoa kwa pikapu. Watu na kuku wote wakapelekwa mbali, isipokuwa mtu mmoja aliyekataa. Mama Kahindo aliosha mara tatu ile pompu ya mgongoni ya kupulizia kakao, akaijaza maji na sabuni, akavaa barakoa, akasimama mbali kidogo, upande unaotoka upepo, akinilowanishia fibro moja baada ya nyingine. Nilimwomba arudi nyuma. Alinilowanisha na mimi.

Zilishuka zote kumi na mbili bila kuvunjika, na sijawahi kufanya kazi safi namna ile. Kisha alinipeleka kwa majirani wanne, mlango kwa mlango, tukakusanya yale makopo, tukayajaza maji na kuyafunga. Kwenye kila mlango nilieleza mwenyewe, yeye amesimama nyuma yangu na pompu mgongoni. Manjanja ya buluu yakashushwa kwa nguruwe na kupanda jikoni.

Tukirudi Butembo na zile fibro ili Sifa azizike, kwenye kizuizi mwanajeshi mmoja aliupiga piga ule mzigo wa plastiki kwa fimbo. "Omemi nini?" aliuliza kwa Lingala, yaani nimebeba nini. Nikamwambia ni sumu. Akacheka, akasema kila mtu anayepitisha kahawa ya magendo anasema hivyo, tufungue. Sikubishana. Nilivaa barakoa yangu polepole, nikampa na yeye moja. Aliitazama ile barakoa, akautazama mzigo, akaruka kando. "Leka! Leka noki!" alipiga kelele, yaani piteni haraka, na tukapita mbio bila kuulizwa hata kitambulisho.

Hayo ni mambo ya zamani kidogo sasa. Nimeacha kazi, Masika hakufunga sanduku, na Mama Kahindo bado anapalilia kakao yake. Lakini ameanza kukohoa. Anakohoa hasa nikiwa nimeketi pale mlangoni. Safari ya kwanza nilishtuka, nikamletea kilo mbili za sukari. Safari ya pili alikohoa zaidi, nikaleta tano. Shemeji yangu anasema mimi nikiondoka tu kikohozi kinaisha, na kwamba mama anacheka peke yake jikoni. Sifa anasema hawezi kujua. Daktari wa Beni alimpiga picha ya kifua, akasema haoni kitu, turudi baada ya miaka.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nafunga sukari kwenye pikipiki na kwenda Mutwanga. Nakaa mlangoni, natazama viatu vyangu na kusubiri. Akikohoa naomba Mungu iwe ni kwa ajili ya sukari tu.